Filao ya Félicien

Mume wangu Félicien hajui mti. Naanza hapo ili mtu asije akadhani kwamba baadaye nitampamba. Anajua bei ya kitenge, anajua kukaa ndani ya suti yake ya abacost siku nzima bila kuikunja, anajua nani wa kumwamkia kwanza kwenye mkutano na nani wa kumngojea amwamkie yeye. Mti hajui. Na mtu huyo asiyejua mti ndiye aliyepewa kopo la chokaa aamue mti upi wa mtaa wa Shari uishi na upi ufe. Hiyo ndiyo Bunia ya miaka ile, tulipoitwa sote macitoyen, yaani raia, majina yetu ya ubatizo yakabaki ya kuitana nyumbani, na Krismasi ikawa siku ya kwenda kazini.

Aliyejua miti alikuwa Baba yetu, Muzee Théodore. Alianzia kazi milimani upande wa Lubero, katika bustani ya miche ya Wabelgiji, kisha wakamleta Bunia apande miti kando ya barabara zao. Watoto wake tuliobaki hai tulikuwa wasichana wawili, dada yangu Emérance na mimi, Adeline. Watu walimpa pole kwa kukosa mtoto wa kiume. Yeye, Jumapili baada ya ibada, alitushika mikono akatupeleka kuangalia sapini.

Kwetu kila mti wenye majani membamba ulioletwa na wazungu huitwa sapini, na Baba hakugombana na jina hilo. Alichogombana nacho ni macho ya watu. Alitupa tawi la sipresi tulipapase, tuone jinsi jani lake lilivyo vipande vidogo vinavyolaliana kama mkeka, na tunda lake gumu la mviringo. Alitupeleka kwa msonobari, akatuambia tuchomoe zile nyuzi ndefu, na kweli tukazikuta zimeshikana kitakoni, mara nyingi tatutatu, kama watoto wa tumbo moja. Araukaria tuliitambua tukiwa mbali, kwa matawi yake yanayozunguka shina ghorofa juu ya ghorofa.

Kisha alitusimamisha mbele ya filao. Mtu yeyote wa Bunia angekuapia kwamba filao ni sapini. Baba alichuma uzi mmoja, akauvuta, ukakatika kwenye kiungo. Akavuta tena, ukakatika kwenye kiungo kingine, safi, kama mrija. Akasema huyu ni mwongo. Amevaa nguo za sapini, lakini mtafute vizuri utamkuta na maua mekundu, madogo, na sapini hana ua hata siku moja. Hakumchukia, maana kuni zake ni nzuri. Alisema tu kwamba mwongo apewe kazi ya mwongo, yaani jikoni.

Mti wake mwenyewe alituonyesha mwisho. Aliutoa mlimani ukiwa mche, akaupanda kwenye kona ya kiwanja chake kule Shari, karibu na barabara. Majani yake yalikuwa marefu, mapana kidogo, kama visu vidogo vya kumenyea, na ukiyatazama haraka usingesema ni sapini hata ukilipwa. Lakini Baba alisema ni ndugu wa sipresi kabisa: haufanyi ua, na mbegu yake hukaa uchi, nje, juu ya kikonyo kinene chekundu. Aliuita sapini ya kwetu, ile ambayo haikuletwa na mtu. Alijua hakuna atakayeibeba maiti yake hadi Lubero, kwa hiyo aliomba azikwe chini ya mti huo. Tulimzika hapo. Mti ukawa kichwani pake, na mimi nilipotaka kuzungumza na Baba nilikwenda kukaa nikiwa nimeegemeza mgongo kwenye lile shina.

Sasa nirudi kwa mume wangu na dada yangu. Siku Félicien alipokuja kunichumbia, alitaka kumpendeza Baba, akanyoosha kidole kwenye araukaria ya jirani akasema, hiyo najua, ni mnazi wa Ulaya. Baba alitabasamu akamkaribisha chai. Emérance alicheka. Alicheka mpaka akaushika ukuta, na kila alipojaribu kunyamaza alimtazama Félicien akaanza upya. Mwanamume mwenye akili angecheka naye, yangeisha. Félicien aliliweka lile cheko moyoni kama mtu anavyoweka shati la sikukuu. Tangu siku hiyo, Emérance akisema mvua inakuja, Félicien anatoka bila mwavuli. Félicien akisema maharage yamepanda bei, Emérance, ambaye ndiye mwuza maharage sokoni, anayashusha. Nilinyeshewa na mengi kwa ajili yao. Dada yangu nampenda, lakini Mungu alipokuwa akigawa kiburi alipita nyumbani kwetu mara mbili akamkuta yeye mlangoni.

Mwaka uliofuata kifo cha Baba, ilisemekana kwamba mkubwa mmoja kutoka Kinshasa atapita Shari. Amri ikatoka: barabara ipanuliwe, miti yote ya kando ikatwe siku ya Salongo, ile kazi ya lazima ya umma, isipokuwa sapini, kwa sababu sapini ni pambo. Sapini zipakwe mkanda wa chokaa ili wenye mashoka wazijue. Katsuva, chifu wa mtaa, aliuliza kwenye mkutano ni nani anayejua sapini. Félicien akainua mkono. Félicien huinua mkono kwa kila kitu. Ukiuliza nani anajua kuruka, atainua.

Alikuwa na kadi ya Krismasi aliyopewa zamani na mmisionari mmoja, yenye mti uliofunikwa na theluji. Aliitia mfukoni, akaenda nayo mti kwa mti. Aliuangalia mti, akaiangalia kadi, kisha akachuma jani akajisugua nalo shavuni akiwa amefumba macho. Likichoma, sapini. Lisipochoma, shoka, na la mti wa Baba halikumchoma. Watu wazima walimfuata wakitikisa kichwa kwa heshima, wakimletea kiti na soda. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mtu angemletea nanasi, angelipaka chokaa. Filao zote zilipona, na ile iliyosimama mbele ya nyumba yetu, hapa mtaa wa Saio, ambako amri haikufika hata kidogo, aliipaka mpaka usawa wa bega lake akaanza kuwapokea wageni chini yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na la kwangu lilikuwa na chokaa ndani.

Nilimwambia nyumbani, kwa upole, kama mke. Nilimwambia mti wa Baba ni sapini ya kweli, na hata kama haamini, pale ni kaburi la mkwe wake, aupake chokaa tu, chokaa haimwombi mtu ushahidi. Alikuwa anakula. Aliendelea kula, kisha akasema neno ambalo lilinionyesha kwamba shida haikuwa jani wala shavu.

"Yaya yako akuje aniombe. Akiniomba mbele ya batu, nitapaka."

Nilikwenda kwa Emérance, yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, siku hiyohiyo. Nilimkuta anapepeta maharage. Nilimweleza yote, nikamwambia ni neno moja tu, aliseme, limpite mdomoni kama dawa chungu, mti wa Baba upone. Alisema afadhali amwombe mbuzi, mbuzi angalau anajua majani. Kisha akatulia, akatabasamu, na lile tabasamu lilinikosesha raha. Akasema kwa nini aombe? Félicien maisha yake yote amefanya kinyume cha neno lake. Yeye atakuja mbele ya watu kusema mti ukatwe, na mjinga yule, kwa kumkomesha, ataupaka chokaa hadi kwenye matawi.

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia kaburi la Baba si mahali pa kuchezea karata. Akaniambia mimi ni mdogo na nimezoea kumwogopa mume, nirudi nyumbani nikapike.

Jumamosi ya Salongo wakaja wote, na mapanga, na mashoka, na majembe. Katsuva alikuwa mbele, na Félicien kando yake na kopo lake. Walipofika kwenye kona ya Baba, Félicien alisimama, akamtafuta dada yangu kwa macho. Nilimwona akimngoja. Nasema alimngoja kabisa. Brashi ilikuwa tayari imechovywa, chokaa inadondoka kwenye kiatu chake. Emérance akatoka katikati ya wanawake, kitenge amekifunga vizuri.

"Citoyen," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "hii muti haiko sapini. Ni muti ya pori tu. Bakate, barabara ipate nafasi."

Félicien alimtazama muda mrefu. Akachuma jani, akajisugua shavuni, akafumba macho kama kawaida yake. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu, na hakuwa amewahi kumtabasamia dada yangu tangu nilipoolewa.

"Leo shemeki anasema kweli," alisema. "Haiko sapini. Mukate."

Nilisogea mbele, nikamwambia Katsuva kwamba pale amelala baba yetu na mti ule ni wake. Katsuva alilitazama kopo la chokaa, hakunitazama mimi. Akaniambia mke asimpinge mume wake kwenye kazi ya taifa. Nikamgeukia Emérance. Alitakiwa kusema tu kwamba amedanganya. Nilimngoja aseme. Shoka la kwanza likapiga, la pili likapiga, vipande vya manjano vikarukia juu ya kaburi, na yeye amesimama wima na mdomo wake umefungwa, kwa sababu kusema wakati ule kungekuwa kuomba. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo zinazoumia, husema watu. Mimi siku ile sikuwaona tembo. Niliona watu wawili wadogo sana, na mti mkubwa unaanguka.

Mbao zake walizilaza juu ya mtaro ili mkubwa apite na gari bila kutikisika. Mkubwa hakupita. Ilisemekana alikuja kwa ndege, akala chakula, akarudi kwa ndege.

Mngedhani imeishia hapo, lakini hamumjui Félicien. Jumapili iliyofuata alikwenda Shari na mche wa filao, akaupanda juu ya kaburi, pale pale kichwani, akaufunga kamba iliyopakwa chokaa, akatangaza kwamba sasa mkwe wake amepata sapini. Katika ukoo wetu, kitu alichopanda mkwe juu ya kaburi, mtoto wa marehemu hakigusi. Aliyekipanda ndiye hukiondoa. Félicien aliijua desturi hiyo, maana Baba mwenyewe alimfundisha. Kwa hiyo Muzee Théodore, aliyeijua kila sapini ya Bunia kwa jina na kwa ngozi, akawekewa mwongo kichwani, na sisi binti zake tukafungwa mikono. Sijawahi kuona haya kama niliyoiona mbele ya kaburi lile.

Filao haina aibu, inakua haraka. Mvua chache tu, ikanipita urefu. Mvua nyingine, ikalipita paa la nyumba. Félicien alikwenda kuipaka chokaa kila mwisho wa mwaka. Emérance hakukanyaga tena Shari. Akitaka kwenda upande ule alizunguka njia ndefu, amebeba maharage kichwani, jua linamchoma, ili tu asiuone ule mti. Huo nao ulikuwa ujinga wake.

Majina ya wazee wa mtaa yalibadilika, pesa zilibadilika, binti yangu Hortense akaanza sekondari. Kisha Emérance akaugua, akalazwa hospitali ya Nyankunde, akapasuliwa tumbo. Alirudi amekonda, na siku moja mchana akaja nyumbani kwetu Saio, mwenyewe, bila kuitwa. Alikaa kwenye kiti cha wageni chini ya filao ya chokaa. Félicien akaletewa kiti chake. Mimi nilibaki mlangoni, maana nilijua sitaweza kukaa.

Emérance alinyoosha mkono, akachuma uzi wa filao, akaukata kiungo kwa kiungo, taratibu, kama Baba. Alimweleza Félicien yote: hii si sapini, ile aliyoikata ndiyo ilikuwa sapini, na yeye siku ile alisema uongo akitumaini kwamba atampinga. Alisema anataka filao iondoke juu ya Baba kabla yeye mwenyewe hajamfuata. Nilidhani Félicien atashangaa. Nilitaka sana kuiona sura yake ikishangaa. Nilikuwa nimeingojea miaka yote hiyo. Hakushangaa.

"Nilijua unanidanganya," alisema. "Tangu nilioa mudogo yako, hakuna siku ulisema ndiyo kwa neno yangu. Siku ile ukasema ndiyo. Nilijua unanitega."

"Na ukakata," alisema Emérance.

"Weye ndiye ulisema bakate." Alikung'uta vumbi kwenye goti la suruali. "Muti sikuijua. Weye nilikujua."

Nilisikia jirani akitwanga majani ya pondu. Miaka yote nilikuwa nimemdharau mume wangu kwa ujinga wake, na ujinga nilikuwa nimeuzoea, nilikuwa nimeufanyia nafasi nyumbani kama mtu anavyofanyia nafasi kabati bovu. Kumbe mbele ya lile shoka hakuwa mjinga. Alijua kwamba neno la dada yangu ni uongo, kwa hiyo alijua kwamba mti ule si wa pori, na aliukata hivyohivyo ili afurahie uso wake.

"Niombe sasa," Félicien alisema. "Sema tu, shemeki, nakuomba. Nitaenda kuikata leo."

Emérance alimtazama. Midomo yake ilitikisika, naapa ilitikisika, nami nikashika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Kisha akasimama, akafunga upya kitenge chake juu ya lile tumbo lililoshonwa, akatoka. Alitembea polepole kwa sababu ya maumivu. Félicien akaomba chai.

Nilimpa chai. Niliwachukia wote wawili siku ile, na sioni sababu ya kulifunika neno hilo. Baba alitufundisha kuangalia jani kabla ya kuupa mti jina, na katika nyumba yake walitoka watu wawili ambao hawakuangalia jani hata mara moja. Walikuwa wakiangaliana wao.

Nilipokwenda Butembo kufuata vitenge, sikurudi moja kwa moja. Nilipanda hadi kule juu, kwa ndugu za Baba, ambako baridi inauma na ile miti ya majani kama visu bado inasimama kwenye mabonde. Nikachimbua mche mmoja, wa kimo cha kidole, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na udongo wake, nikaubeba katikati ya mizigo njia yote, Beni, Komanda, mpaka nyumbani. Desturi inakataza mtoto kung'oa. Kupanda haikatazi. Niliupanda juu ya kaburi, kando ya filao, ndani ya kivuli chake. Baba alikuwa akisema mti huu ukiwa mdogo hupenda kivuli. Hauna haraka, huwangoja walioutangulia wachoke.

Félicien aliukuta alipokwenda na chokaa yake. Aliinama, akachuma jani, akajisugua nalo shavuni, akafumba macho. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo.

"Hii ni nini, Mama Hortense?"

"Ni ua tu, Baba Hortense."

"Iko na majani mazuri," alisema. Akaipokea ndoo mkononi mwangu, akaumwagilia maji kidogokidogo, kwa uangalifu, asije akaufukua. Mpaka leo, akienda kuipaka chokaa filao yake, hasahau kubeba maji ya ua langu.